Waridi: Asili ya Jina na Maana Yake

Utangulizi

Miongoni mwa majina ya maua yanayojulikana na kila msemaji wa Kiswahili, awe wa pwani au wa bara, jina la waridi halikosi. Washairi hulitumia wanapomsifu mpenzi. Waimbaji wa taarabu hulirudia. Wazazi huwapa binti zao. Na mtoto wa shule hulisoma kitabuni pengine kabla hajaliona ua lenyewe. Hata hivyo, anayeuliza jina hili limetoka wapi hupewa jibu fupi sana: "Ni neno la Kiarabu." Kamusi nazo zina desturi ya kuitaja lugha ya asili kwa herufi chache ndani ya mabano, kisha humwacha msomaji hapo hapo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa si la uongo, lina upungufu, na kwamba upungufu huo una madhara. Kuna watu ambao, kwa kuyahesabu maneno ya namna hii, hufikia uamuzi kwamba Kiswahili si lugha kamili bali ni mchanganyiko wa mabaki ya lugha za wageni. Kuna wengine ambao, kwa kuwapinga hao, hutamani maneno hayo yang'olewe na mengine yatiwe mahali pake ili lugha isafike. Makundi haya mawili hushindana vikali, lakini yamekubaliana juu ya jambo moja bila ya kulichunguza: kwamba linakotoka neno ndiko kunakoamua ni la nani. Mwalimu anayefundisha hivyo huwafanya wanafunzi wake waione lugha yao kama nyumba ya kupanga. Tutalifuata jina la ua moja tu, hatua kwa hatua, ili tuone kama dai hilo laweza kusimama.

Neno lilivyo katika Kiswahili

Yafaa tuanze na neno lilivyo leo vinywani mwa wasemaji. Mmea huitwa mwaridi, wingi miwaridi. Ua lake huitwa waridi, wingi mawaridi. Twasema, "Mwaridi huu umechipua," na "Mawaridi haya yamechanua." Mpango huu ndio ule ule wa mchungwa na chungwa, mwembe na embe, mpera na pera: mti huingia katika ngeli ya m-/mi-, na kinachozaliwa na mti huingia katika ngeli ya ji-/ma-. Ni mpango wa Kibantu, nao haupatikani katika Kiarabu. Mwarabu husema ward kwa mawaridi kwa jumla, na akitaka kulitaja moja huongeza kiambishi mwishoni na kusema wardah. Mswahili hakuuchukua utaratibu huo. Alichukua sauti za neno, akaziingiza katika utaratibu wake mwenyewe.

Hata sauti zenyewe hazikubaki zilivyokuwa. Neno ward, linapotamkwa bila ya irabu ya mwisho ya kisarufi, ni silabi moja inayoishia kwa konsonanti mbili zilizofuatana, r na d. Silabi ya Kiswahili, katika maneno mengi, huishia kwa irabu. Kwa hiyo konsonanti hizo zilitenganishwa kwa kutiwa irabu kati yake, na nyingine ikatiwa mwishoni. Ndivyo yalivyofanyiwa maneno mengi yaliyofika kwa njia hiyo: 'aql ikawa akili, rizq ikawa riziki, qabr ikawa kaburi, shughl ikawa shughuli, waqt ikawa wakati. Neno la silabi moja likawa la silabi tatu: wa-ri-di.

Hapa pana jambo dogo ambalo aghalabu hupitwa bila ya kuangaliwa. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika waridi, silabi hiyo ni -ri-, yaani silabi iliyopatikana kwa irabu tuliyoiongeza sisi. Zipo lahaja za Kiarabu ambazo nazo hupenyeza irabu fupi kati ya r na d, lakini humo mkazo hubaki katika silabi ya kwanza. Katika Kiswahili, sauti iliyoongezwa ndiyo iliyopewa uzito kuliko zote. Mambo ni yayo hayo katika akili, riziki, kaburi na shughuli. Sehemu ya neno inayosikika zaidi mtu anapolitamka ndiyo sehemu isiyokuwamo lilipofika.

Mtego wa mzizi

Anayetaka kujua maana ya neno la Kiarabu hufundishwa atafute mzizi wake wa konsonanti tatu. Ni kanuni njema, nayo husaidia mara nyingi. Ajuaye kwamba k-t-b ni mzizi wa kuandika huona mara moja undugu wa kitabu, katibu na maktaba. Je, tukiifuata kanuni hiyo katika ward tutafika wapi?

Mzizi w-r-d katika Kiarabu una maana ya kufika, na hasa kufika majini ili kunywa. Mtu au mnyama anayekwenda kisimani hutajwa kwa kitendo warada. Mahali pa kunyweshea huitwa mawrid. Kutokana na mzizi huo limepatikana neno wird, yaani sehemu ya dua na dhikri ambayo mtu amejiwekea kuisoma kwa wakati wake, kama mnyama anavyofika majini kwa zamu. Neno hilo nasi tunalo: ni uradi, wingi nyiradi. Katika Kiarabu cha leo mzizi uo huo umezaa neno wāridāt, yaani bidhaa zinazoingizwa nchini kutoka nje.

Ni rahisi basi kusema kwamba waridi na uradi ni ndugu, na kwamba ua hili liliitwa hivyo kwa kuwa ni kitu "kinachofika" kila mwaka wakati wa kuchanua. Maelezo hayo yanapendeza, lakini si ya kweli. Ward, jina la ua, halikuzaliwa na mzizi huo. Liliingia katika Kiarabu kutoka nje, na kwa bahati konsonanti zake tatu zikafanana na za mzizi uliokuwapo tangu zamani. Wenye kupanga kamusi za Kiarabu kwa mizizi waliliweka pale liliposawiri kukaa, na likaonekana kama mtoto wa nyumba ile.

Waarabu wenyewe hawakuliona jambo la kuazima kuwa aibu. Al-Jawaliqi, mtaalamu wa lugha wa Baghdad aliyefariki mwaka 1144, alitunga kitabu kizima juu ya maneno ya kigeni yaliyofanywa kuwa ya Kiarabu. Neno wardah limo katika Kurani, katika Sura ya 55, aya ya 37, panapoelezwa rangi ya mbingu siku ya mwisho. Na Arthur Jeffery, katika uchunguzi wake wa maneno yenye asili ya kigeni katika Kurani uliochapishwa mwaka 1938, aliliweka miongoni mwa hayo. Kwa hiyo tukisema kwamba waridi ni "neno la Kiarabu" tumetaja kituo cha karibu zaidi na kwetu, wala hatujataja mwanzo.

Safari ya neno

Kituo kilicho nyuma ya Kiarabu ni Kiaramu, lugha iliyotumika kwa karne nyingi katika biashara na maandishi kuanzia Shamu hadi Iraki. Humo ua hili huitwa wardā. Kiebrania cha baada ya Biblia kina vered. Lakini nyuma ya lugha hizo za Kisemiti pana lugha za Kiirani. Katika lugha ya Avesta, ambayo ndiyo lugha ya maandiko matakatifu ya dini ya Zoroaster, kuna neno vareda. Waarmenia, ambao kwa muda mrefu walikaa jirani na dola za Iran, husema vard. Wageorgia, ambao lugha yao si ya jamii ya Kiirani wala ya Kisemiti, husema vardi.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuiona vardi bila ya kushangaa kidogo, kwa kuwa inakaribia mno waridi. Lakini ile -i ya Kigeorgia haikuletwa na sababu iliyoileta yetu. Katika Kigeorgia ni kiambishi cha jina linapokuwa mtendaji katika sentensi, nayo huondoka jina likibadili kazi. Katika Kiswahili ni irabu ya kufungia silabi, na haiondoki kamwe. Watu wawili wasiojuana wamelipokea neno moja, kila mmoja akalivika vazi la kwao, na mavazi yakatokea kufanana. Mfano huu watuonya kwamba kufanana kwa maumbo peke yake si ushahidi, kama ambavyo kufanana kwa waridi na uradi hakukuwa ushahidi.

Upande wa pili wapo walio ndugu wa kweli ambao hawafanani hata kidogo. Katika Kiajemi, neno lile la kale la Kiirani limekuwa gul. Asiyejua historia ya sauti za lugha hiyo hataamini. Lakini mabadiliko yenyewe yana taratibu zake: w ya mwanzo iliyofuatwa na r iligeuka kuwa gu-, kama vile jina la kale la mbwa mwitu, vehrka, lilivyokuwa gurg, na rd iligeuka kuwa l, kama vile neno la kale la mwaka, sared, lilivyokuwa sāl. Ukizifuata taratibu hizo mbili kwa pamoja, ward haina budi kuwa gul. Maana nayo ilipanuka: gul ni waridi, na pia ni ua lolote.

Tukigeukia magharibi twakutana na Kigiriki. Jina la ua hili katika Kigiriki cha kale ni rhodon, na katika lahaja ya kisiwa cha Lesbos ni brodon, ambayo b yake ni alama ya w iliyokuwapo zamani. Ushahidi mkongwe zaidi umo katika vibao vya udongo vilivyofukuliwa Pylos, kusini mwa Ugiriki, vya karibu mwaka 1200 kabla ya Kristo. Mwandiko wake ulifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, na humo limeonekana neno wo-do-we, ambalo ni sifa ya mafuta yaliyotiwa harufu ya waridi. Wataalamu wengi huliona neno la Kigiriki kuwa la mashariki, lililo jamaa moja na la Kiirani. Na rosa ya Kilatini, ambayo ndiyo iliyozaa majina ya Kifaransa na Kiingereza, huhusishwa na shina hilo hilo.

Tukumbuke hayo mafuta ya Pylos. Pale neno hili linapoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi, halisifu uzuri wa ua bustanini. Lahesabu mafuta ghalani.

Marashi mawaridi

Mwaridi si mmea wa asili wa pwani yetu. Katika Afrika ya tropiki jamii ya mwaridi ina mmea mmoja wa mwituni, nao huota katika nyanda za juu za Ethiopia na nchi za karibu, na hata ng'ambo ya bahari huko Yemen. Waamhara, kwa kuwa mmea huo ni wao, wana jina lao la kuuita, kega, lisilohusiana na safari tuliyoieleza. Mtu wa pwani hakuwa na mmea huo, wala hakuwa na haja ya kuupa jina. Ni nini basi kilicholeta jina hili mpaka kwake?

Dalili iliyo wazi zaidi imo katika lugha yenyewe. Watu wa pwani huyaita maji yenye harufu ya waridi marashi mawaridi. Msemo huu una jambo la kushangaza kisarufi. Kama mawaridi hapa ingekuwa wingi wa waridi na basi, tungetarajia marashi ya mawaridi, kama tusemavyo mafuta ya nazi na maji ya machungwa. Kihusishi kimekosekana. Sababu ni kwamba Kiarabu huyaita maji hayo mā' ward, yaani maji ya waridi, na katika matamshi ya kawaida maneno hayo mawili huungana kuwa kama moja, māward. Ile ma- ya mwanzo, kwa asili, ni neno la maji. Mswahili alipoisikia, sikio lake lililozoea ngeli ya ma- liliipokea kama kiambishi cha wingi. Maji yakageuka kuwa mawaridi mengi.

Neno marashi nalo lilipata bahati hiyo hiyo. Latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza, na ma- yake ni ya Kiarabu. Lakini sisi twasema, "Marashi haya ni mazuri," na twalipatanisha kama tunavyoyapatanisha maji na mafuta. Chombo cha kunyunyizia, kile chenye shingo ndefu, Mwarabu hukiita mirashsh. Mswahili akakiita mrashi, wingi mirashi, kana kwamba ni jamaa ya mkoba na mtungi. Ni desturi ile ile iliyofanya kitabu kupata wingi wa vitabu, ingawa ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi.

Kwamba maji haya yalikuwa bidhaa kubwa kabla ya karne nyingi, historia yashuhudia. Ibn Khaldun, aliyemaliza Mukadima yake mwaka 1377, ameinakili orodha ya kodi zilizopelekwa katika hazina ya Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Humo jimbo la Fars huko Iran lahesabiwa chupa 30,000 za maji ya waridi. Mji wa Jur katika jimbo hilo ulisifika mno kwa kazi hiyo hata waridi lenye harufu kali huitwa na Waarabu ward juri mpaka leo. Na yule mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058 na ambaye jina lake linajulikana kwa wanazuoni wa pwani yetu, nisba yake yatokana na biashara hiyo: maana yake ni muuza maji ya waridi. Huko Omani, nchi iliyofungamana na pwani yetu kwa utawala na kwa ndoa, wakulima wa Jabal Akhdar, mlima ulio na mashamba yafikayo mita 2,000 hivi juu ya bahari, wangali wanachuma mawaridi kila msimu wa kuchipua na kuyakenga maji yake.

Tukiyaweka pamoja haya yote, yaani mmea usiokuwa wa pwani, msemo usio na kihusishi, na biashara ya Ghuba iliyoletwa na majahazi ya kaskazi, twaweza kusema kwamba waridi lilifika kwetu kwanza likiwa harufu ndani ya chupa. Ua lilifuata baadaye, likakuta jina lake limekwisha kutangulia.

Maana ya jina kwa wasemaji wake

Jambo hili laeleza mengi katika maana ya neno. Kwa Mswahili wa pwani, waridi lilihusiana na heshima anayopewa mgeni. Katika harusi na katika maulidi, watu hunyunyiziwa marashi kwa mrashi wa fedha au wa shaba, na hunukizwa udi. Ua la kutia nyweleni au kutandaza kitandani lilikuwa jingine: asumini, afu, na kikuba kilichofungwa kwa rihani na mkadi. Mgawanyo huo haukuwa katika Kiarabu wala katika Kiajemi. Umetokana na maisha ya mwambao, palipo na asumini ukutani na waridi ndani ya chupa.

Kwa sababu hiyo, ule mfano wa miiba uliosambaa Ulaya, ambako mwaridi hukua mlangoni pa kila mtu, haukupata makao katika methali zetu. Mswahili anayetaka kusema kwamba jambo jema halikosi udhia wake hakuhitaji mwaridi. Husema: "Hakuna masika yasiyo na mbu." Alilipokea jina bila ya kupokea fikira zote zilizofuatana nalo kwa wengine, akalipa fikira za kwake.

Kadhalika katika rangi. Rangi nyekundu iliyofifia huitwa rangi ya waridi, kama Waarabu wasemavyo wardī na Wahindi wasemavyo gulabi. Hapa twapata ndugu mwingine. Kiajemi kiliunganisha gul na āb, yaani maji, kikapata gulāb, maji ya waridi. Neno hilo lilipofika India likawa jina la ua lenyewe. Kwa hiyo huko India nako jina la maji yenye harufu ndilo lililokuja kuwa jina la ua. Na katika maduka ya vitamu ya Mombasa huuzwa gulab jamun, tamutamu ya Kihindi ya mviringo inayochovywa katika shira. Jamun ni tunda tuliitalo zambarau, na gulab ndilo neno tunalolieleza. Mnunuzi aliyejipaka marashi mawaridi akiagiza gulab jamun amelitumia shina moja mara mbili, lililofika bandari moja kwa njia mbili.

Ua la Naivasha

Leo mawaridi yamekuwa mengi nchini Kenya kuliko wakati wowote uliopita. Ukulima wa maua ya kuuzwa nje ulianza kustawi kando ya Ziwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, katika miaka ya 1970. Na sasa Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza mawaridi mengi zaidi katika soko la Ulaya, mengi yakipitia katika minada ya Uholanzi. Maelfu ya watu huyachuma, huyapanga kwa urefu wa vikonyo na kuyafunga. Lakini katika mazungumzo ya kazi jina linalosikika zaidi ni maua: mtu hufanya kazi katika kampuni ya maua, hukata maua, hufunga maua. Neno pana la Kibantu limelifunika jina la ua moja. Waajemi walilipanua gul, jina la ua moja, hata likawa jina la maua yote. Kwetu jina la maua yote limelishukia ua moja. Njia ni mbili, lakini zatokana na sababu moja: kitu kinachoonekana kila siku kuliko vingine vya aina yake hujichukulia jina la jamii nzima.

Mjini, hasa inapokaribia tarehe 14 Februari, husikika pia jina la Kiingereza likitamkwa kwa Kiswahili, rosi. Wengine hulipendelea kwa kuwa waridi, wasemavyo, ni la vitabuni, wengine kwa kuwa waridi ni "la Waarabu." Hapa ndipo ile fikira tuliyoitaja mwanzoni inapoonyesha udhaifu wake. Ikiwa rosa ni ya shina lile lile lililozaa ward, kama wataalamu wengi wanavyoona, basi anayelikataa waridi kwa ajili ya ugeni wake na kulipokea rosi amemtoa mgeni kwa mlango wa mbele na kumwingiza nduguye kwa mlango wa nyuma. Wairani wenyewe wana kisa cha namna hiyo: kwa kuwa gul limekuwa jina la maua yote, siku hizi husema gol-e roz, wakitumia neno la Kifaransa. Neno la kale limerudi nyumbani, na wenyeji wake hawakulitambua.

Hatusemi kwamba rosi ni kosa. Msemaji ana haki ya kuazima leo kama alivyokuwa nayo jana. Tunalolikataa ni sababu inayotolewa. Hoja ya usafi wa asili, ikifuatwa mpaka mwisho wake, haitatuachia neno. Itamnyang'anya Mwarabu ward, Mgiriki rhodon, Mwarmenia vard na Mwingereza jina lake, kwa maana kila mmoja wao ni mpokeaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba waridi ni la Kiarabu kwa kituo chake cha mwisho, la Kiirani kwa kituo tunachoweza kukifikia kwa uhakika nyuma yake, na la Kiswahili kwa ngeli yake, kwa silabi zake, kwa mkazo wake na kwa mahali pake katika maisha ya wasemaji. Kauli hizi tatu hazipingani, kwa sababu kila moja hujibu swali lake. Kosa hutokea pale swali la njia linapojibiwa kana kwamba ni swali la milki.

Ingefaa basi kamusi zetu zijazo zisiridhike na herufi chache za mabano. Nafasi ya mstari mmoja yatosha kueleza kwamba neno lilipita Kiarabu kutoka Kiaramu na Kiirani, na kwamba limeingia katika ngeli ya ji-/ma- na kuzaa mwaridi. Walimu nao wangeweza kuwapa wanafunzi maswali matatu badala ya moja: neno hili limepita wapi, limebadilishwa nini lilipofika kwetu, na twalitumia kwa maana gani ambayo wengine hawana? Mwanafunzi aliyeyajibu maswali hayo kwa waridi ataweza kuyauliza juu ya asumini, karafuu, chungwa na meza, na hatahitaji kuambiwa na mtu kama lugha anayoisema ni yake.